Mjukuu aliloweka bahasha zangu, nami nikamfukuza mezani

BARUA

Ndugu Mshauri,

Salaam. Mimi ni mzee wa miaka 68, mstaafu, mkazi wa Tanga. Nakusanya stempu tangu nikiwa mwanafunzi, na nimejifunga kwenye Afrika Mashariki tu: za Wajerumani zenye picha ya meli, Tanganyika ya kichwa cha twiga ya 1922, Kenya Uganda Tanganyika kuanzia 1935, Zanzibar mpaka ilipoacha kuwa na stempu zake, na Tanzania mpaka miaka ya themanini. Ni vitabu 11 na masanduku mawili ya bahasha nzima ambazo hazijakatwa. Sisemi ni utajiri. Ila kila stempu naijua meno yake ya ukingoni, alama yake ya maji iliyofichwa ndani ya karatasi, na muhuri wake wa posta, na kila mwaka kabla ya masika navifungua vitabu vyote nivipunge hewa.

Shida yangu ni kwamba sina wa kumwachia.

Mjukuu wangu wa kike, mwenye miaka 11, ndiye pekee aliyekuwa akikaa nami mezani. Nilimfundisha kuloweka: unakata karatasi kuizunguka stempu ukiacha sentimita 1 kila upande, unaielesha kwenye maji ya vuguvugu dakika 20, huivuti mpaka iachie yenyewe, kisha unaianika kifudifudi. Akawa hodari kunishinda. Mwezi wa tatu nilitoka kwenda kuswali Ijumaa, niliporudi nikakuta amechukua bahasha tano kwenye sanduku la pili, amezikata pembe zote, na stempu zinaelea kwenye beseni. Zilikuwa za miaka ya hamsini, zimegongwa Pangani, Korogwe na Amani, muhuri umekaa nusu kwenye stempu na nusu kwenye karatasi. Nilimpigia kelele ambazo sijawahi kumpigia mtoto. Nikamwambia asiguse tena. Na hajagusa. Huu ni mwezi wa tatu tangu siku hiyo, anapita sebuleni, "Shikamoo babu", anakwenda zake.

Kaka yake ana miaka 16. Huyo kila nikimwonyesha kitu swali lake ni moja: "Babu, hii bei gani?" Alipiga picha stempu yangu ya Zanzibar yenye neno JAMHURI akaiweka mtandaoni bila kuniuliza, mtu akamwandikia kwamba atatoa laki tano. Tangu siku hiyo anataka tuuze.

Nimejaribu na nje ya nyumba. Mwaka jana niliruhusiwa kuanzisha klabu kwenye shule ya msingi ya jirani, kila Alhamisi, dakika 45. Siku ya kwanza walikuja watoto 24. Nilianza na historia, yaani 1840, Rowland Hill wa Uingereza na stempu ya kwanza duniani, ile nyeusi ya peni moja. Wiki ya pili nikafundisha sehemu za stempu, ya tatu kuhesabu meno kwa rula, ya nne alama ya maji. Kila wiki nilibeba kitabu kimoja, wakapita mmoja mmoja kutazama, mikono nyuma ili wasichafue. Wiki ya saba walibaki watano. Muhula ulipokwisha klabu ikafa.

Mwanangu aliye Dar es Salaam anasema, "Baba, uza ukiwa hai, watoto wa siku hizi wanachojua ni simu." Yuko mnunuzi anayetaka vitabu vyote kwa mpigo. Nimefikiria pia kuwagawia wajukuu watatu sawasawa, au kuipa shule kila kitu. Nimefikiria hata kuwalipa wajukuu elfu mbili kila Jumamosi wakae nami. Na nimeshauriwa niwanunulie zile stempu za rangi nyingi zenye wachezaji mpira na waigizaji, ila moyo wangu unazikataa.

Naomba uniambie: kizazi hiki kinaweza kweli kuvutika na stempu, au nikubali yaishe? Na yule mtoto nianze naye wapi?

Nyongeza: kwenye kitabu cha sita stempu mpya zenye gundi zimeganda kwenye ukurasa kwa unyevu. Zinabandulika?

Babu wa Stempu, Tanga


JIBU

Mzee wetu, shikamoo.

Nimeisoma barua yako mara kadhaa, na naona mambo matatu yaliyofungwa kwa kamba moja. Unataka ukusanyaji wa stempu uendelee. Unataka vitabu vyako 11 visitawanyike. Na unataka mjukuu wako arudi mezani. Umeyaandika kana kwamba likitatuka moja yametatuka yote, na huenda hapo ndipo mzigo unapokuwa mzito kuliko inavyopaswa. Mtoto anaweza kurudi mezani na asivitake vitabu. Vitabu vinaweza kupata mtunzaji asiye wa damu yako. Klabu inaweza kufufuka bila hata kimoja kati ya vitabu hivyo kutoka nyumbani.

Niruhusu nianze na mtoto.

Umeniuliza kama kizazi hiki kinaweza kuvutika. Lakini mtoto uliyenieleza alikwenda mwenyewe kwenye sanduku, bila kutumwa, mchana wa Ijumaa, akakata bahasha tano kwa kipimo ulichomfundisha na kuzielesha kama ulivyomwonyesha. Asiyependa hafanyi hivyo. Katika barua umenieleza hatua zote za kuloweka, na ni sahihi. Sijaona mahali ulipomweleza ni kipi hakilowekwi, na kwa nini. Sikulaumu, mzee wangu. Nauliza tu: je, alijua? Kwa macho ya mtoto, bahasha kuukuu yenye anwani ya marehemu fulani ni taka iliyoganda kwenye stempu. Wewe ndiye unayeona njia ambayo barua ilipita: ilitoka wapi, siku gani, ililipiwa senti ngapi, ikapokelewa wapi. Stempu ya senti 15 iliyobanduliwa ni moja kati ya maelfu. Ile ile ikiwa kwenye bahasha yake, na muhuri wa Amani umekatiza pembe, ni barua yenye safari yake. Tofauti hiyo haionekani kwa macho, ni lazima mtu aambiwe.

Kama bado una zile bahasha, tafadhali usijaribu kuzirudishia stempu kwa gundi. Mkusanyaji mzoefu ataligundua, na bahasha iliyobandikwa upya inahesabiwa kuwa imechezewa hata kama ni stempu yake halisi. Chukua mfuko wa plastiki angavu mgumu, usiwe ule laini unaonuka, kwa sababu plastiki laini hutoa mafuta yanayokula wino. Weka bahasha, na stempu yake mbele yake, ukioanisha nusu duara ya muhuri iliyobaki kwenye karatasi na nusu iliyo kwenye stempu. Kama alizikata pembe bila kuzitupa, zitie pia. Kisha kikaratasi kwa penseli: zilitenganishwa lini, na nani. Thamani ya sokoni imeshuka, hilo halina dawa, lakini ushahidi wa safari ya barua haujapotea.

Kazi hiyo unaweza kuifanya peke yako au pamoja naye. Ukiifanya naye kuna hatari aione kama anaoneshwa kosa lake tena, kwa hiyo pengine ingoje kidogo. Kabla yake kuna neno ambalo wewe mwenyewe unalijua. Wazee wengine humwambia mtoto "nilikosea kukupigia kelele" waziwazi, na mtoto hulikumbuka mpaka uzeeni. Wengine hawawezi kulitamka, nao huonyesha kwa tendo. Ukichagua tendo, ningeogopa kumpa kitabu kizima kama zawadi ya kusuluhisha. Kitabu cha babu ni mzigo kwa mtoto wa miaka 11: atakiogopa kuliko alivyoliogopa beseni.

Kuna njia nyingine, ndogo. Mwandikie barua. Nenda posta, nunua stempu mbili au tatu mpya zenye picha unayojua anaipenda, zibandike juu kulia ukiacha sentimita 1 kutoka ukingoni, na umwombe karani azigonge kwa mkono, taratibu, tarehe isomeke. Andika jina lake na sanduku la posta la nyumbani. Itakapofika atakuwa na bahasha nzima ya kwanza iliyo yake, yenye jina lake na muhuri wa Tanga. Ndani ya barua mweleze, kwa mistari michache, kwa nini baadhi ya bahasha haziguswi na maji. Halafu muache aamue. Anaweza kuiloweka. Ukiona huwezi kuvumilia hilo, usiitume kwanza.

Akirudi, sanduku ligawanywe kabla hajakaa. Sanduku moja liwe la kuloweka, jingine la kubaki nzima, na yeye ndiye achambue. Mpe vigezo anavyoweza kuviona: tarehe na jina la mji vinasomeka, kuna stempu zaidi ya aina moja, kuna kibandiko cha rejista chenye herufi R na namba, kuna alama ya ukaguzi wa wakati wa vita, au bahasha ni ya kabla ya 1977, enzi za posta ya pamoja ya Afrika Mashariki. Kimoja tu kikitimia, bahasha inabaki nzima. Mwongezee matatu kuhusu maji. Bahasha za rangi, hasa nyekundu na zile za kaki, zinalowekwa peke yake kwa sababu rangi ya karatasi huvuja na kuzipaka nyingine. Stempu za kisasa za kujibandika zenyewe mara nyingi haziachii kwenye maji, hivyo zikatwe tu na kubaki na ukingo wa milimita 5. Na stempu za kikoloni za zamani za zambarau na kijani, zile zilizochapwa kwa wino uliotengenezwa kusudi uvuje ili watu wasifute muhuri na kuzitumia tena, zisiguse maji kabisa. Mtoto akijua sababu ya wino huo, sioni kama atausahau.

Sasa klabu. Nimesoma ratiba yako ya wiki saba, na mafunzo yenyewe ni mazuri, ni yale mkusanyaji wa mwaka wa tatu anayatamani. Lakini niruhusu nihesabu kitu kimoja: katika wiki saba, ni stempu ngapi zilitoka na watoto kwenda nyumbani? Kwa jinsi ulivyoandika, hakuna. Walitazama za kwako, mikono nyuma. Kukusanya ni kuchagua, na mtoto hajapewa kitu cha kuchagua. Meno na alama ya maji ni majibu ya maswali ambayo mkusanyaji hukutana nayo baadaye, pale anapokuwa na stempu mbili anazodhani ni moja. Ziko zile za mfalme George VI wa Uingereza za Kenya Uganda Tanganyika zilizoanza 1938, picha moja, rangi moja, meno tofauti, na bei zake zimeachana mbali. Hapo mtoto ataomba rula mwenyewe. Kabla ya hapo, kuhesabu mashimo ndani ya sentimita 2 ni hesabu kama hesabu nyingine za darasani.

Ukitaka kujaribu tena, anza na watoto 8 hadi 10, usiwachukue 24. Beba stempu 200 au 300 za kawaida, zilizotumika, zile ulizo nazo nyingi, umwage katikati ya meza. Usiwape katalogi, yaani kitabu cha orodha na bei za stempu, wala albamu. Sheria iwe moja: kila mtoto achague 10 za kuondoka nazo, na katika hizo mbili ziwe zinahusiana, naye aeleze zinahusianaje. Mmoja atasema zote zina samaki. Mwingine atasema zote zina muhuri wa Moshi. Mwingine atasema bei zake zikijumlishwa ni shilingi 1 kamili. Majibu yote ni sahihi, na kila moja ni mlango wa mkusanyiko mzima. Vibano havihitajiki siku hiyo, mikono mikavu iliyooshwa inatosha. Vibano sita vya ncha butu vinakuja wiki ya tatu, watakapoona wenyewe kwamba vidole vinakunja meno.

Wiki ya pili watengeneze pa kuzihifadhi, kwa sababu zikibaki kwenye mfuko wa sare zimekwisha. Karatasi ya A4 nene na vipande vya karatasi vyenye upana wa sentimita 1.5 vinatosha. Kipande kinapakwa gundi ukingo wa chini na ncha mbili tu, kinabandikwa, kinakuwa mfuko mwembamba ambao stempu inasimama ndani yake huku sehemu kubwa ikionekana. Gundi ikauke usiku kucha kabla ya stempu kuingia, maana gundi mbichi ndiyo inayoharibu kazi ya watoto wengi. Selotepu isiingie chumbani. Ndani ya miaka michache gundi yake hugeuka kahawia, hupenya karatasi, na doa halitoki tena.

Na swali la kuanzia? Mimi nisingeanza na Rowland Hill. Ningewauliza watoto wa Tanga fedha wanaiitaje. Watasema pesa, na watasema hela. Kisha ningeweka mezani stempu mbili za Deutsch-Ostafrika, yaani Afrika Mashariki ya Wajerumani. Ya kwanza imeandikwa PESA: Wajerumani walianza kuchapa neno hilo juu ya stempu zao 1893, kwa sababu huku hesabu ilikuwa pesa 64 kwa rupia 1, neno tulilokuwa nalo tayari kutokana na biashara ya Bahari ya Hindi. Ya pili imeandikwa HELLER: 1904 walibadili, rupia ikawa heller 100, na stempu zake zikatoka 1905. Wajerumani wakaondoka, heller ikabaki midomoni mwetu kama hela. Mtoto anaishika stempu yenye neno analolitamka kila akitumwa dukani. Zile za heller 4 na 7½ zilizotumika ni za kawaida, si lazima utoe za kwenye kitabu chako.

Hapo hapo Tanga una hazina nyingine. Vuga, kule Usambara, ndiko zilikochapwa stempu za dharura 1916, kwenye mtambo wa misheni, vita ilipofunga bahari na stempu zikakaribia kwisha. Hazikutumika, kwa kuwa shehena mpya ilifika kwa meli. Zikafukiwa ardhini zisiangukie mikononi mwa Waingereza, zikafukuliwa baada ya vita. Au nenda Mengo, Uganda, 1895: mmisionari Ernest Millar alizipiga kwa taipureta, bei zake kwa kauri, yaani simbi za baharini zilizotumika kama fedha, kauri 200 kwa rupia. Wape watoto kalamu na karatasi wachore stempu za mtaa wao, bei waitaje kwa kitu kinachouzwa mtaani. Watachukua nusu saa kubishana tu stempu moja iwe mihogo mingapi.

Na stempu za Kenya za wanyama za 1966 zilizogongwa muhuri wa Tanga, unazo? Zilikubalika Kenya, Uganda na Tanzania wakati huo. Mpe mtoto moja umuulize: barua iliandikwa wapi? Atasema Kenya. Mwambie asome muhuri.

Kuhusu simu, mwanao ana haki kuona zimewachukua watoto, lakini sidhani kama ni mshindani wako. Kamera ya simu ikisogezwa karibu inaonyesha kasoro ya chapa ambayo macho ya miaka 68 yanaipita. Programu za kutambua stempu kwa picha zipo, na zina udhaifu unaofaa kufundishia: zinatambua picha, mara nyingi hazihesabu meno wala hazioni alama ya maji, kwa hiyo huleta bei ya stempu nyingine inayofanana. Kijana akishajua hilo, ana sababu ya kuiomba rula yako. Mkifikia kubadilishana kwa posta na watoto wa mbali, tumieni sanduku la shule au lako. Anwani ya nyumbani na picha ya mtoto visitoke kamwe.

Sasa kaka mtu. "Bei gani" yake imekuudhi, na naelewa. Lakini ni swali halali, na huenda ndilo pekee analoweza kulishika kwa sasa. Usimnyamazishe, mpeleke ndani zaidi. Laki tano ya mtandaoni si bei mpaka fedha iwe mkononi, na wanaosema "tanguliza stempu kwanza" wapo. Stempu za JAMHURI za Januari 1964 ni mfano mzuri wa kumfungua macho: kuna zilizogongwa kwa mkono Zanzibar baada ya Mapinduzi, na kuna zilizochapwa baadaye kiwandani, na muhuri wa mkono ni rahisi mno kughushi. Ya kwako ni ipi? Akilitafuta jibu hilo kwa wiki mbili, atakuwa amefanya kazi ya mkusanyaji bila kuambiwa. Mweleze na ile stempu ya senti 1 ya British Guiana, koloni la Uingereza la Amerika Kusini: ilikutwa 1873 na mvulana wa shule wa miaka 12, akaiuza shilingi 6. Mwaka 2014 ilinunuliwa dola milioni 9.48, na 2021 ikauzwa dola milioni 8.3. Hata ya juu kuliko zote inaweza kumpa mwenye nayo hasara.

Unaweza kumkabidhi kazi ya orodha: vitabu 11, kila ukurasa picha yake, namba ya katalogi, hali ya stempu, meno. Utaihitaji ukiuza, ukigawa, ukitoa au ukiweka. Hatari ni mbili. Picha zikipanda mtandaoni zinamwonyesha mwizi pa kwenda, kwa hiyo mkubaliane zinabaki nyumbani. Ya pili, anaweza kumaliza orodha akiwa na hamu zaidi ya kuuza. Hilo ujiandae nalo.

Zile za wachezaji na waigizaji, sikusukumi, ila nakuomba usizifungie mlango moja kwa moja. Tangu miaka ya themanini hata Tanzania imetoa nyingi kwa ajili ya wakusanyaji wa nje, na ni stempu halali. Mtoto akija na mchezaji wake, amekuja na kitu anachokijua kukuzidi, na kwa saa moja yeye ndiye mwalimu. Tatizo la kweli ni zile za bandia, zenye jina la nchi ambayo posta yake haikuzitoa. Umoja wa Posta Duniani una mfumo wa kuzisajili kwa namba stempu za nchi zilizojiunga, tangu 2002, unaoweza kusaidia kuchuja. Ninachoogopa zaidi ni zile elfu mbili za Jumamosi. Siku utakayokosa kulipa, atakuwa na sababu nzuri ya kutokuja.

Hatima ya vitabu sitakuamulia. Nikuonyeshe tu wapi kila njia huwa inavunjika. Kugawa sawasawa mara tatu kunakata mifululizo, na mfululizo uliokatwa kila mtu anabaki na mapengo. Ukigawa, afadhali kwa mada: mmoja Zanzibar, mmoja Wajerumani, mmoja Kenya Uganda Tanganyika. Kuuza kwa mpigo ni haraka, lakini mnunuzi wa jumla mara nyingi hulipa sehemu tu ya bei ya katalogi, na hulipia zile nzuri chache huku nyingine akizichukua kama nyongeza. Pata makadirio ya watu wawili wasiojuana, na kila mmoja akuandikie orodha. Shule nazo, mwalimu mlezi akihamishwa, ufunguo wa kabati huhama au hupotea, na mchwa hausubiri. Ukitaka kuipa, anza na zile ulizo nazo nyingi uone zinavyotunzwa mwaka mmoja. Na ipo njia ya kutoamua chochote mwaka huu. Nayo ni njia, mradi orodha iwepo na mtu mmoja ajue ilipo.

Jambo jingine dogo: Umoja wa Posta Duniani huendesha shindano la kuandika barua kwa watoto wa miaka 9 hadi 15, tangu 1971. Mjukuu wako ana miaka 11. Ulizia posta kuhusu utaratibu wa mwaka huu.

Nimalizie na kitabu cha sita. Zinabandulika, nyingi kati yake. Kama ni za kawaida na hujali gundi, maji ya vuguvugu yanatosha. Kama ni nzuri, kata kipande cha ukurasa kilichoganda, usizivute. Chukua chombo cha plastiki chenye mfuniko, weka chini sponji iliyolowa na kukamuliwa, juu yake weka wavu au kifuniko chenye matundu, halafu vile vipande, picha juu, visiguse maji wala kugusana. Funika. Unyevu utalainisha gundi taratibu, kati ya saa 3 na siku nzima kutegemea umri wake. Usizisahau usiku kucha kwenye joto la Tanga, ukungu utatangulia. Chungulia kila baada ya saa 2, ujaribu kuinua pembe moja kwa kibano. Ikigoma, rudisha. Ikiachia, ilaze kifudifudi kwenye karatasi nyeupe laini ambayo gundi haiishiki, usitumie gazeti maana wino wake hupakaza, na igandamize ikishakaribia kukauka. Gundi haitabaki kama ya siku ya kwanza, na katika orodha lazima iandikwe hivyo. Ni kazi ya kutwa, inataka mtu mwenye subira na vidole vyepesi wa kuinua hizo pembe, na mwingine wa kushika kifuniko.

Mshauri